Fimbo inachimba mbele ya grini: kabla ya kushusha mashine, angalia nyasi zimelalia wapi

*Swali: Mimi ni katibu wa kamati ya uwanja katika klabu yetu ya gofu ya mashimo 18. Grini (eneo lenye shimo), aprochi (sehemu ya mbele ya grini) na feawei (njia ndefu ya kuelekea huko) zetu zote ni nyasi za bermuda. Kwa muda sasa wanachama wanalalamika kwamba wakipiga mpira mfupi wa kuchipu mbele ya grini, fimbo inachimba chini. Mpira unaotua hapo nao mara unakufa palepale, mara unaruka kama umepigwa teke. Tuliambiwa nyasi ni ndefu, tukashusha aprochi kutoka milimita 12 hadi 8. Hali imezidi kuharibika, na sehemu nyingine zimekuwa za kahawia. Feawei tunazikata nusu kwa nusu: upande mmoja mashine inakwenda grini, upande wa pili inarudi kwenye tii, mahali pa pigo la kwanza, maana wanachama wanapenda zile rangi mbili. Kola, ule ukanda unaozunguka grini, nayo imeota kama kizingiti, mpira ukiifikia unaruka. Je, tushushe zaidi, tupandishe, au tununue mashine mpya?*

Ndugu katibu, mashine mpya isubiri, na msishushe tena. Kwa jinsi ulivyoeleza, mna matatizo matatu yaliyokaa mahali pamoja. La kwanza ni upande ambao nyasi zimelalia. La pili mmelileta wenyewe, kwa nia njema, mliposhusha hadi milimita 8. La tatu ni kola, na hiyo ina chanzo chake.

Tuanze na dhana iliyowapoteza. Watu wengi huchukulia nyasi za uwanja kama nywele za kichwani: zikiwa ndefu zinalala, ukizipunguza zinasimama. Bermuda haina tabia hiyo. Huu ni mmea unaotambaa. Matawi yake hulala juu ya udongo na majani huchomoza kutoka kwenye vifundo vya matawi hayo. Mashine ikipita kuelekea upande uleule siku hadi siku, rola yake huyalaza majani, na matawi mapya nayo hujipanga kufuata njia hiyohiyo. Baada ya wiki kadhaa mnakuwa na zulia ambalo manyoya yake yote yanatazama upande mmoja. Inama upitishe kiganja: ukienda huku kinateleza, ukirudi kinakwaruzwa. Hali hiyo naiita mlalo. Ukizikata fupi zaidi, manyoya yanapungua urefu lakini yanaendelea kutazama kulekule.

Sasa weka mpira juu ya zulia hilo, upande ambao mashine hurudi kwenye tii. Ncha za majani zinamtazama mchezaji. Fimbo ya weji, ile ya mapigo mafupi ya kuinua mpira, inashuka, na ukingo wake wa mbele, ule mwembamba, ndio unaogusa nyasi kwanza. Badala ya kuteleza juu ya majani, unaingia chini ya ncha zake, majani yanajikusanya mbele ya fimbo, na kwa sentimita mbili tatu tu mwendo wote umekwisha. Mchezaji anaona amechimba, anajilaumu, na pigo linalofuata anainua mikono kwa woga na kuupiga mpira kichwani. Hatua chache kando, upande ambao mashine huelekea grini, pigo lilelile linateleza bila shida, kwa sababu soli ya fimbo, yaani upande wake wa chini, inapita juu ya migongo ya majani.

Mpira unaotua nao unakutana na mambo hayohayo. Ukidundia nyasi zinazoutazama, unashikwa na kufa. Ukidundia nyasi zinazoelekea grini, unasukumwa mbele. Basi "mara unakufa, mara unaruka" haina uchawi: mmechora mstari katikati ya aprochi na kuweka viwanja viwili tofauti, kimoja kila upande.

Hili laweza kuhakikishwa bila kununua chochote. Simama kwenye feawei ukitazama grini asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Upande unaong'aa, majani yanaelekea mbali nawe. Upande ulioiva rangi, yaani ulio mweusi zaidi, majani yanakutazama. Kisha mpe mchezaji mmoja mwenye mkono uliotulia mipira 20 na weji moja. Apige 10 kutoka upande unaong'aa na 10 kutoka upande mweusi, mita 5 kutoka ukingo wa grini, akilenga shimo lilelile. Chomeka kijiti mahali kila mpira uliposimama, upige picha. Picha hiyo itamaliza ubishi wa kamati kuliko maneno yangu. Ihifadhini pia, kwa sababu mtarudia jaribio hili baada ya wiki sita.

Msidhani ni bermuda peke yake. Augusta National, klabu ya Marekani unapochezwa mchuano wa Masters, inajulikana kwa kukata feawei zake kuelekea tii ili mpira usiviringike mbali, na mwezi wa Aprili nyasi zinazoonekana pale ni raigrasi iliyopandwa juu ya bermuda, nyasi ya kusimama isiyotambaa. Hata hivyo wachezaji bora duniani huzungumzia ugumu wa kuchipu pale dhidi ya mlalo. Tofauti ni kwamba wao wamekusudia, na upande wote ni mmoja. Kwenu imetokea kwa bahati, na nusu kwa nusu.

Mna njia tatu za kurekebisha mlalo, na kila moja ina gharama yake. Mnaweza kukata aprochi zote kuelekea grini tu. Itampendeza mchezaji wa kawaida, lakini mashine itabidi irudi bila kukata kila mstari, mafuta na muda vinapotea, na mlalo unazidi kukomaa, safari hii kwa upande mwema. Mpira unaotua mbele ya grini utakimbia sana, na wapiga mbali watalalamika kwamba hausimami. Au mnaweza kubaki na nusu kwa nusu huku mkibadilishana pande kila wiki. Ni rahisi kwa wafanyakazi, lakini bermuda iliyokwisha kulala haigeuki kwa mkato mmoja. Mtakuwa mnaifukuza bila kuifikia.

Njia ninayoipendekeza kwenu ni kutenganisha aprochi na feawei. Mita 25 hadi 30 za mwisho mbele ya grini zisikatwe na mashine ya feawei kabisa. Zipewe mashine ndogo ya rili (silinda ya visu inayozunguka), ile mnayotumia kwenye tii na kola, na zikatwe kwa kubadili uelekeo kila siku ya kukata. Chora uso wa saa kwenye ubao wa banda la mashine: siku ya kwanza namba 9 kwenda 3, yaani kukatiza njia ya mchezo, siku ya pili katikati ya 1 na 2 kwenda katikati ya 7 na 8, siku ya tatu katikati ya 10 na 11 kwenda katikati ya 4 na 5. Ule mstari wa 12 kwenda 6 uacheni kabisa kwa miezi miwili ya mwanzo, kwa sababu ndio uliowafikisha hapa. Feawei iliyobaki wanachama waendelee kuifurahia na rangi zake mbili. Hapo mpira unapigwa kutoka mbali na kwa nguvu, na tofauti ya mlalo haimuumizi mtu kama inavyomuumiza aliye mita 10 kutoka shimoni.

Gharama ya njia hii nisikufiche: ni kona. Mashine inayokatiza aprochi inageukia kwenye rafu, zile nyasi ndefu za pembeni, na penye mteremko au banka (shimo la mchanga) nafasi ni finyu. Dereva ajifunze kuinua rili kabla ya kona, atoke nje kabisa, ageuke kwa duara pana lenye umbo la tone la maji, kisha arudi akiwa amenyooka. Akigeuka palepale kwa kukaza usukani, tairi zitachuna nyasi na mtakuwa mmehamisha kidonda kutoka mahali pamoja kwenda pengine.

Ili kuharakisha kazi, chaneni nyasi wima. Visu vya mashine ya kuchana vikiwekwa viguse chini ya usawa wa mkato kwa milimita 1 hadi 2 tu, vinayakata matawi yaliyolala na kuyalazimisha machipukizi yapande juu. Fanyeni hivyo kila baada ya wiki mbili wakati nyasi zinakua kwa nguvu, kila safari kwa uelekeo tofauti. Brashi mbele ya rili husaidia pia, lakini huinua majani tu, matawi haiyagusi. Wakati wa ukame au nyasi zikiwa zimechoka msichane hata kidogo, na kwa sasa, kwenye yale madoa ya kahawia, subirini kwanza yafunike.

Hapo ndipo tunaingia kwenye urefu. Mlisema milimita 8, nami nina shaka kama ni 8 kweli. Kipimo kinachowekwa gereji, mashine ikiwa juu ya meza ngumu, ni kimoja. Urefu unaokatwa uwanjani ni kingine. Chini ya majani ya bermuda hujengeka tabaka la mabaki, laini kama sponji. Rola zikizama humo milimita 2, kipimo chenu cha 8 kinakuwa mkato wa 6, na kisu kinafika kwenye vitawi visivyo na jani. Ndiyo kahawia mnayoiona. Mpira uliolala juu ya vitawi vitupu unaonekana umekaa vizuri, lakini chini ya fimbo hakuna mto wa majani wa kusamehe kosa hata dogo.

Pandisheni hadi milimita 10 au 11 mkae hapo. Kupandisha hakuhitaji tahadhari kubwa. Kushusha ndiko kunakodai subira, milimita moja kwa wiki na si zaidi. Kumbukeni pia kanuni ya theluthi: usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mkato mmoja. Kwa mkato wa milimita 10, maana yake mashine iingie kabla nyasi hazijapita 15. Msimu wa mvua na joto, bermuda yenye mbolea hufika hapo upesi, kwa hiyo mara mbili kwa wiki hazitoshi. Jipangieni tatu, na mvua ikikolea, nne.

Mashine yenyewe ichunguzwe kabla ya kulaumiwa. Zimeni injini, toeni waya wa plagi, mvae glavu nzito, kisha mzungushe rili taratibu kwa mkono huku mmeshika kipande cha karatasi nyembamba kikiwa kimesimama wima juu ya kisu cha chini. Jaribuni kila sentimita chache kutoka mwisho hadi mwisho. Ikatike safi kama kwa mkasi kote. Mahali inapojikunja au kuchanika, nyasi nazo zinachanwa, na kesho yake ncha zake zitakuwa nyeupe.

Jingine ni mwendo wa dereva. Chukua rili ya visu 11 inayozunguka mara 1,000 kwa dakika: hiyo ni mikato 11,000. Mashine ikitembea kilomita 5 kwa saa, inasogea takriban milimita 7.6 kati ya mkato na mkato, na kwa urefu wa milimita 10 hiyo ni safi. Dereva akiharakisha hadi kilomita 8 ili amalize mapema, nafasi inakuwa milimita 12, kubwa kuliko urefu wa nyasi zenyewe. Hapo mnapata mawimbi madogo kama mgongo wa ubao wa kufulia, na mpira unaoviringika juu yake unadundadunda.

Lakini hata mkikata kama malaika, aprochi yenye maji mengi itaendelea kuchimbika. Hili kamati nyingi hulisahau kwa sababu halionekani. Mbele ya grini ndipo maji ya vinyunyizio vya grini na vya feawei yanapokutana, na juu ya hayo grini nyingi huinamia mbele, kwa hiyo hata mvua hushukia hapo. Kata kipande cha udongo kwa kisu, kina cha sentimita 10, ukitazame ubavuni. Pima ile sponji ya kahawia kati ya majani na udongo. Ikipita milimita 12, hiyo peke yake inatosha kuua mdundo wa mpira na kuikaribisha fimbo ndani. Dawa yake ni kutoboa matundu na kuondoa vijiti vya udongo, kisha mchanga mwepesi na wa mara kwa mara. Tabaka la milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Aprochi ya mita za mraba 400 inahitaji lita 400, na huo ni mchanga mkavu wa kilo 600 hivi. Anzeni na milimita 1 kila wiki tatu au nne wakati wa ukuaji, na uwe mchanga wa aina ileile mnayotumia kwenye grini. Vinyunyizio navyo vipunguzwe dakika au vibadilishwe pembe. Kazi hiyo ni ya siku moja, na pengine ndiyo itakayoonekana upesi kuliko zote.

Sasa kola. Kizingiti unachokiona huenda ni mchanga. Kila mnapomwaga mchanga kwenye grini na kuukokota kwa mkeka, sehemu yake huishia ukingoni. Mapigo ya kutoka kwenye banka huongeza mwingine. Miaka inapita, kola inainuka. Weka ubao ulionyooka wa mita 3 kutoka grini, juu ya kola, hadi aprochi. Ukiona ubao unabembea juu ya kola kama mizani, jibu umelipata. Ubaya wake si mruko wa mpira peke yake: kizingiti hicho huyazuia maji ya grini yasitoke, nyasi za ukingoni zinaoza mizizi, na kola inazidi kuwa dhaifu. Nyanyuko la chini ya milimita 20 huweza kushushwa polepole: toboeni kola, ondoeni vijiti vyote vya udongo, na msirudishe mchanga juu yake, rudieni mara kadhaa kwa mwaka, kisha rola. Likizidi hapo, ni afadhali kung'oa nyasi kwa mapande, kuondoa udongo wa ziada, kusawazisha na kuzirudisha.

Kola pia ndiyo inayobeba kona zote za mashine ya grini. Wafanyakazi wageukie kwenye rafu au juu ya mbao nyembamba zinazotandazwa wakati wa kugeuka, na ule mzunguko wa mwisho wa kusafisha ukingo wa grini urukwe siku moja kati ya mbili. Waangalieni pia wasiwe wanakwepa ukingo kwa kuogopa kuichuna kola. Kila mwaka sentimita chache za grini hugeuka kuwa kola bila mtu kujua, na baada ya miaka 10 sehemu nzuri za kuweka shimo zimepotea. Toboa kwa kipekecho cha udongo kuelekea nje: pale mchanga wa grini unapokwisha na udongo wa kawaida kuanza, ndipo mpaka wa asili ulipokuwa. Na kumbukeni kwamba kwa kanuni za gofu kola si sehemu ya grini. Mchezaji haruhusiwi kurekebisha shimo la mdundo lililo kwenye njia ya mpira wake pale, wala kuuinua na kuufuta mpira kama afanyavyo kwenye grini. Anachokikuta ndicho anachokicheza, kwa hiyo uzuri wa kola uko mikononi mwenu peke yenu.

Rafu ya pembezoni nitaigusa tu, kwa kuwa hukuiuliza. Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67 kwa uchache. Rafu ya milimita 50 inaumeza mzima, na majani yakiingia kati ya fimbo na mpira, mzunguko wa kurudi nyuma unapotea. Kwa klabu ya wanachama, milimita 38 hadi 40 inatosha kumuadhibu mtu bila kumtafutisha mpira. Dereva asizunguke grini kwa upande mmoja kila wiki.

Wakati mnasubiri, waambieni wanachama jambo moja. Wakikuta nyasi zinawatazama, wasiuinamishe mpini mbele kuelekea shimo kama walivyozoea kufundishwa, kwani ndivyo ukingo wa mbele unavyotangulia kuchimba. Mpini usimame karibu wima, soli ipige chini, au waache weji kabisa na kuchukua fimbo namba 8 kwa pigo la chini linaloviringika.

Mabadiliko ya mlalo yatachukua wiki nne hadi sita za ukuaji mzuri. Madoa ya kahawia yanaweza kutangulia kupona. Wiki sita zikipita na picha ya vijiti 20 haijabadilika, au nyasi zinaendelea kupungua ingawa mmepandisha urefu, mwiteni mtaalamu wa nyasi za viwanja aje mwenyewe. Mwiteni mapema zaidi mkiona tabaka jeusi lenye harufu ya yai viza kwenye kipande cha udongo, mizizi isiyozidi sentimita 3, au madoa yenye bermuda ya rangi na unene tofauti na iliyo jirani. Hayo hayapimwi kwa barua: yanaweza kuwa minyoo ya mizizi, ugonjwa wa kuvu, au mbegu ngeni, na kila moja lina tiba inayodhuru ikitumiwa kwa jingine. Dawa za kupunguza kasi ya ukuaji nazo msizianze bila yeye, kwa sababu kipimo chake hubadilika kwa joto na kwa aina ya bermuda. Akija, mwonyesheni ratiba ya kukata ya miezi mitatu iliyopita, kipimo cha gereji cha kila mashine, na kipande cha udongo mlichokikata asubuhi hiyo mbele ya grini inayolalamikiwa kuliko zote.